Maua ya Nchi za Joto Yanavyovushwa Majira ya Baridi

Askari au polisi aliyepata kupelekwa masomoni katika nchi za kaskazini ya dunia hukumbuka jambo moja aliloliona huko mwezi wa Desemba au Januari. Nje theluji imefunika barabara, miti imesimama mitupu kama iliyounguzwa na moto, na watu wanatembea wakiwa wamejifunika makoti hadi masikioni. Lakini nyuma ya kioo cha dirisha, jikoni au sebuleni, vimepangwa vyungu vya maua mabichi, na baadhi ya maua hayo yanachanua. Akikaribia zaidi, huenda akatambua ua moja au mawili ambayo aliyaona tangu utotoni mwake kando ya kijito au kivulini pa migomba, bila mtu yeyote kuyahesabu kuwa ni kitu cha thamani.

Maua hayo hayakufika dirishani kwa bahati. Yaliingizwa ndani kwa tarehe maalumu, yakakaguliwa, yakapunguziwa maji na kusimamishiwa mbolea, na kila juma kuna mtu anayeyageuza majani yake ili atazame upande wa chini. Watu wa Ulaya wamefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia tatu, na mama humfundisha binti yake kama anavyomfundisha kuoka mkate. Yafaa kuieleza kwa marefu kidogo kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya mimea inayohifadhiwa hivyo asili yake ni Afrika. Pili, yale yanayoiua ndani ya nyumba za Ulaya ndiyo yale yale yanayoiua mimea iliyopandwa katika kopo barazani kule Mbarara au Jinja. Baridi ya dirishani huua michache. Mingi huuawa na maji yasiyo na kipimo, na wadudu walioingia bila kuonekana.

Wageni kutoka Afrika

Ua linalopendwa mno katika madirisha ya Ulaya ni jeraniamu, lenye majani ya mviringo yatoayo harufu kali yakisuguliwa, na mashada ya maua mekundu, meupe au ya waridi. Wataalamu huliita Pelargonium. Nyumbani kwake ni sehemu za Rasi, Afrika ya Kusini, ambako merikebu za biashara zilitia nanga zikienda na kurudi kutoka India. Mwaka 1631 mtunza bustani mashuhuri wa Uingereza, John Tradescant, alinunua mbegu za aina mojawapo mjini Paris. Hivyo basi mmea huu umekwisha kuishi ugenini karibu karne nne, na bado haujajifunza kuvumilia theluji.

Ua la pili latoka karibu zaidi. Ni lile lenye bua laini lililojaa maji, na tumba ambalo likiguswa hupasuka na kurusha mbegu zake mbali. Huota lenyewe mahali penye kivuli na unyevu kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Sir John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Unguja, alilipeleka katika bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akalitangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilibainika kwamba mmea uleule ulikwisha kupewa jina jingine hapo awali, ndiyo maana vitabu vya leo huuita Impatiens walleriana. Jina la Sultani limeachwa, ila ua lenyewe limeenea duniani kote.

La tatu ndilo lenye kisa kirefu. Mnamo mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliuona mmea mfupi uliojibana katika nyufa za mawe penye kivuli, wenye majani manene yenye manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Alimpelekea baba yake huko Ujerumani, naye baba akaukabidhi kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka uliofuata Wendland aliuandika katika taaluma kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wataalamu wa siku hizi wameuhamishia katika jamii ya Streptocarpus, lakini wenye nyumba hawajali. Wao huuita urujuani wa Afrika. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles walianza kuzalisha aina mpya kwa wingi, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo nchini Marekani wakaunda chama chao. Hapana budi kutaja na la kusikitisha: huku ua hili likilelewa kama mtoto mchanga katika madirisha ya Chicago na Berlin, baadhi ya ndugu zake wa mwituni huko Usambara na kwingineko Tanzania na Kenya wamo katika hatari ya kutoweka, kwa sababu misitu iliyowapa kivuli inafyekwa.

Baridi inavyofanya kazi yake

Mtu wa Ikweta hawezi kuielewa kazi hii asipokumbuka kwamba majira ya baridi huiondolea mimea vitu viwili kwa pamoja, yaani joto na mwanga. Kampala mchana huwa wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. London, mwishoni mwa Desemba, mchana haufiki saa nane, na jua lenyewe hupita chini chini kana kwamba linaogopa kupanda. Stockholm mchana ni wa saa sita tu. Usiku ukiwa mweupe bila mawingu, jalidi huanguka: umande huganda juu ya majani, na maji yaliyomo ndani ya majani nayo huganda na kuharibu viungo vyake. Asubuhi jani huwa jeusi na tepetepe kama mboga iliyochemshwa kupita kiasi.

Miti ya huko imejizatiti. Hupukutisha majani na kulala usingizi hadi majira ya kuchipua. Mimea ya nchi za joto haijui usingizi wa namna hiyo, na mingi huanza kuumia hata kabla maji hayajaganda, joto linaposhuka chini ya digrii 10 za Sentigredi. Kwa hiyo mwenye mmea ana hiari mbili: auache ufe na kununua mwingine mwakani, ama aupe hifadhi ndani.

Wafalme ndio walioanza kuifanya hifadhi hiyo kwa ukubwa. Katika jumba la Versailles, nchini Ufaransa, mjenzi Jules Hardouin-Mansart alijenga kati ya mwaka 1684 na 1686 ukumbi wa kuhifadhia michungwa. Kuta zake ni nene mno, madirisha yake makubwa yanaelekea kusini liliko jua, na joto ndani halishuki chini ya digrii 5 ingawa ulijengwa bila kutegemea moto. Hata leo michungwa, milimau, mikomamanga na mitende zaidi ya elfu moja, kila mmoja katika sanduku lake la mbao, huingizwa humo katikati ya Oktoba na kutolewa katikati ya Mei. Wenye kazi hiyo hawangojei baridi iwaamshe. Huhamisha masanduku kwa kalenda, kama vile zamu ya lindo inavyobadilishwa kwa saa bila kungoja adui aonekane.

Nyumba ya mfanyakazi haina ukumbi wa kifalme. Ina dirisha moja au mawili yenye jua, pengine na ghala lililo chini ya sakafu. Lakini kanuni ni ileile.

Ukaguzi wa mlangoni

Mwenye uzoefu huanza kuingiza vyungu mwezi wa Septemba, wakati usiku unapoanza kukaribia digrii 10, ijapokuwa mchana bado ni wa kupendeza. Anayengoja jalidi ya kwanza amekwisha kuchelewa. Na mmea ukitolewa ghafula kwenye baridi ya nje na kuwekwa karibu na mabomba ya kupashia nyumba joto, hupatwa na mshtuko na kuangusha majani.

Kabla chungu hakijavuka kizingiti, hukaguliwa. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka, nao hulipia haraka hiyo mwezi wa Januari. Majira yote ya joto mmea umekaa nje. Umekaliwa na kila kidudu kipitacho, lakini nje kuna mvua inayowaosha, kuna upepo, kuna buibui na ndege wanaowala. Ndani ya nyumba hakuna hata mmoja wa walinzi hao. Kidudu kimoja jike kilichojificha katika pembe ya jani huingia katika chumba chenye joto la kudumu, kisicho na mvua wala adui, na chakula kimepangwa dirishani kwa safu. Baada ya majuma machache ukoo wake hauhesabiki.

Ukaguzi wenyewe hufanyika hivi. Majani yaliyokauka na maua yaliyonyauka huondolewa yote, pamoja na takataka zilizo juu ya udongo, maana huko ndiko wadudu wanakojificha. Kila jani hugeuzwa, kwa sababu wadudu wengi hukaa upande wa chini. Pembe ambapo jani hukutana na bua huchunguzwa moja moja. Chungu huinuliwa ili kutazama tundu la chini: mara nyingi hutoka hapo konokono au sisimizi. Kisha mmea huogeshwa kwa maji mengi ya uvuguvugu, juu na chini ya majani, na chungu chenyewe husuguliwa kwa brashi.

Baada ya hapo mmea hauwekwi na wenzake. Hutengwa katika chumba kingine kwa muda wa majuma mawili au matatu, kama mgonjwa wa surua, mpaka ithibitike kwamba mayai yaliyofichika hayajaangua kitu. Wapo wanaoona kuwa huo ni udhia usio na maana, lakini hao ndio wanaotupa vyungu vyote mwezi wa Februari.

Maji, mwanga na pumziko

Mmea ukishaingia ndani, huruma ndiyo hatari yake kubwa. Mwenye nyumba huuona umedhoofika, majani machache yamegeuka manjano, naye huukimbilia na kikombe cha maji. Kesho yake majani mengine mawili yamekuwa manjano, maji yanaongezwa. Juma la tatu mizizi imeoza na mmea umekufa katika tope. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mmea hupika chakula chake kwa mwanga. Mwanga ukipungua, upishi hupungua, na mizizi haina tena haja ya kuvuta maji mengi. Jiko likizimwa hakuna faida ya kuendelea kuchota ndoo.

Kwa hiyo hapana ratiba ya kumwagilia katika majira ya baridi. Kidole hutumbukizwa udongoni hadi kwenye kiungo cha kwanza. Kikikuta unyevu, mmea huachwa. Wengine huinua chungu na kukisia uzito wake, nao baada ya mwezi mmoja hawakosei. Maji hutiwa asubuhi, nayo yawe ya uvuguvugu wa chumba. Yanayobaki katika kisahani baada ya nusu saa humwagwa. Mbolea husimamishwa kabisa mpaka mwezi wa Machi, isipokuwa kwa mimea michache inayoendelea kuchanua.

Mwanga ni shida nyingine. Chungu kikisogezwa mita mbili tu kutoka dirishani, kwa macho ya mmea ni kama kimeingizwa pangoni, ingawa mtu aliyeketi hapo anasoma gazeti bila taabu. Dirisha la upande wa kusini ndilo bora, na vioo vifutwe vumbi. Lakini jani lisiguse kioo, kwani usiku kioo hupoa mno. Na pazia likifungwa jioni, chungu kiwe upande wa chumbani. Kikiachwa kati ya pazia na kioo kitalala katika baridi kali kuliko jokofu.

Kila mmea una tabia yake. Urujuani wa Afrika hupenda joto kama la binadamu, kati ya digrii 18 na 24, na hauvumilii maji baridi juu ya majani; tone likidondoka huacha doa jeupe lisilofutika. Humwagiliwa kwa chini, chungu kikikalishwa ndani ya bakuli la maji kwa robo saa kisha kuondolewa. Ua la Zanzibar hurefuka na kuwa kama fimbo kwa kutafuta mwanga, hivyo wengi hawasumbuki na mmea mzee. Hukata vikonyo vya urefu wa kidole mwezi wa Septemba, huviweka katika glasi ya maji, na baada ya siku chache mizizi imetoka. Mlimau wa chungu hutaka mahali penye mwanga lakini pa ubaridi. Ukiwekwa katika chumba chenye joto na giza hupukutisha majani yote kwa pamoja na kumtia mwenyewe simanzi.

Jeraniamu ndiyo shujaa wao. Hupunguzwa hadi nusu au theluthi ya urefu wake, na kuwekwa katika chumba chenye mwanga na baridi kidogo, kati ya digrii 7 na 13, huku ikipewa maji kwa nadra sana. Wasio na nafasi dirishani hufanya jambo ambalo huku lingechekesha: huing'oa mimea, huikung'uta udongo, na kuining'iniza kichwa chini katika ghala la chini ya nyumba kama samaki wanaokaushwa. Kila mwezi mizizi hulowekwa katika maji kwa saa moja hivi, kisha mimea hurudishwa kamba­ni. Ikifika Machi hupandwa tena, na iliyo mingi huchipua.

Wadudu waliojificha

Hata ukaguzi mwema huachia mmoja au wawili. Hewa ya nyumba iliyopashwa joto ni kavu mno, na ukavu huo huwafaa wadudu wengine kuliko mvua.

Utitiri mwekundu ndio mbaya kuliko wote, kwa kuwa ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Dalili yake ni vitone vingi vya rangi ya manjano juu ya jani, kana kwamba limenyunyiziwa vumbi, na baadaye utando mwembamba kati ya vikonyo. Mwenye shaka hukung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, hilo si vumbi. Dawa ya kwanza ni maji: majani huoshwa kwa nguvu upande wa chini, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya siku tano au sita, mara tatu au zaidi, kwa sababu mayai hubaki. Mtu anayeosha mara moja na kuridhika amewapunguza tu wazee.

Vidukari hukusanyika katika ncha changa, na hutoa majimaji matamu yanayonata. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Nzi weupe huruka kama unga mmea unapotikiswa, kisha hurudi palepale. Kidung'ata hufanana na kipande cha pamba kilichonaswa katika pembe ya jani. Wadudu magamba hujibandika juu ya bua wakafanana na kovu, na wengi huwapita wakidhani ni sehemu ya mti, hasa juu ya milimau. Visubi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo havidhuru sana, lakini ni mashahidi: vinatangaza kwamba mwenye nyumba anamwagilia kupita kiasi. Udongo wa juu ukiachwa ukauke, hutoweka.

Kwa wadudu wenye ngozi laini, sabuni yatosha. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni laini ya maji, ile isiyo na manukato wala dawa ya kung'arishia, huchanganywa na lita moja ya maji. Hujaribiwa kwanza juu ya jani moja, na baada ya siku moja, likiwa salama, mmea mzima hunyunyiziwa, mbali na jua kali. Sabuni huua yule tu inayemgusa, hivyo upande wa chini wa majani usisahauliwe, na kazi irudiwe baada ya juma. Poda ya kufulia nguo isitumiwe kwani huunguza majani. Vidung'ata na magamba huguswa mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Urujuani wa Afrika, kwa sababu ya manyoya yake, husafishwa kwa brashi laini na hauogeshwi kwa sabuni.

Zamani katika nyumba za vioo za Ulaya wadudu walifukuzwa kwa moshi na maji ya tumbaku, na hata leo wapo wavuta sigara wanaoloweka vishungi ili kupata dawa ya bure. Jambo hili ni la hatari na lisifanywe. Nikotini iliyomo katika maji hayo ni sumu kali kwa mtu, hupenya ngozi, na mtoto anayekuta chupa yake jikoni hatajua kuwa si chai.

Iko njia nyingine iliyovumbuliwa kwa macho ya mtunza bustani tu. Mwaka 1926, huko Uingereza, ilionekana kwamba baadhi ya watoto wa nzi weupe juu ya majani ya nyanya wamegeuka weusi. Kulipochunguzwa wakatoka ndani yao nyigu wadogo sana, waitwao Encarsia formosa, ambao hutaga mayai yao ndani ya mwili wa adui huyo. Nyigu hao wakaanza kufugwa na kugawiwa kwa wakulima. Ilipokuja DDT baada ya Vita Kuu ya Pili waliachwa, mpaka nzi weupe walipoizoea sumu. Ndipo katika miaka ya 1970 nyigu wakaitwa tena kazini.

Kutoka nje tena

Mwezi wa Machi mchana hurefuka, na mimea hujua hilo kabla ya watu. Chipukizi hutokeza. Huu ndio wakati wa kubadili udongo, kukata matawi yaliyorefuka bure, na kuanza kuongeza maji na mbolea kidogo kidogo. Lakini chungu hakitolewi nje kwa siku moja. Kwanza huwekwa kivulini kwa saa mbili mchana na kurudishwa jioni; siku inayofuata saa nne; na hivyo hivyo kwa siku saba hadi kumi na nne. Jani lililokua nyuma ya kioo ni laini, likipigwa na jua wazi huungua na kuwa jeupe kama karatasi. Wenye pupa wanaoyatoa mapema mwezi wa Aprili mara nyingi hupoteza kwa usiku mmoja kile walichokilinda kwa miezi sita.

Chungu kinachosafiri

Ndugu msomaji wa Kigezi ambaye usiku wake hupoa hujua thamani ya kusogeza mmea karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hakuna jalidi, na funzo la madirisha ya Ulaya linalohusu zaidi familia za askari na polisi ni lile la ukaguzi wa mlangoni. Hakuna watu wanaohama mara nyingi kama wao. Barua ya uhamisho ikifika, godoro, sufuria na makopo ya maua hupakiwa katika lori moja, kutoka kambi hii hadi nyingine, na wadudu wa kambi ya kwanza husafiri bila nauli.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 aina ya kidung'ata kutoka Amerika ya Kusini iliingia Afrika, na inaaminika kwamba ililetwa na miche. Ilitambuliwa katika mihogo huko Kongo mwaka 1973, ikaenea kutoka nchi hadi nchi, na kuharibu chakula cha mamilioni ya watu. Jamaa wake ni yuleyule anayekaa kama pamba katika pembe ya jani la ua la sebuleni. Aliyesaidia kuukomesha msiba huo alikuwa nyigu mwingine mdogo, Anagyrus lopezi, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981 na kuanza kuachiliwa Nigeria mwaka huohuo. Mtaalamu Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Kwa hiyo mzazi anayempelekea mwanawe aliye ng'ambo kichipukizi cha ukumbusho, au afisa anayerudi kozini na kikonyo cha jeraniamu mkobani, azijue sheria. Mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea ulifanywa mwaka 1951, na tangu Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingiza mmea hai bila cheti cha afya ya mimea. Nchi za Afrika Mashariki nazo hudai kibali na cheti. Afisa wa forodha anayemnyang'anya bibi chungu chake uwanjani anaonekana mkatili, ila huenda analinda shamba la muhogo la bibi huyohuyo.

Anayehama ndani ya nchi hahitaji cheti. Anahitaji nusu saa. Siku mbili kabla ya lori kuja, mimea hukatwa majani makavu, huogeshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa bila kumwagiliwa, ili makopo yawe mepesi na udongo usimwagike. Ikifika kwenye nyumba mpya hukaa upande mmoja wa baraza peke yake kwa majuma mawili, mbali na mimea ya jirani na mbali na bustani ya mboga. Visahani vilivyo chini ya makopo humwagwa maji kila siku na kusuguliwa walau mara moja kwa juma, kwa sababu mayai ya mbu hunata ukingoni mwake na hungojea mvua ijayo.